Hadithi ya joka kwa watoto wa kanisani: Bunyan au Lewis?

Mwalimu_Dunda
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nafundisha watoto wa miaka 9 hadi 12 hapa Bagamoyo. Likizo hii nataka kuwasomea hadithi moja ndefu ya safari yenye majoka, kila jioni kipande. Nimebakiwa na mbili: safari ya Mkristo ya John Bunyan (1678), na kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1952, kile cha merikebu ya Dawn Treader. Nipeni mawazo.

MamaPacha_Tanga
Mwalimu, mie nipo na Bunyan. Wanangu nimewasimulia pale Mkristo anapokutana na Apolioni, magamba kama samaki, mabawa ya joka, miguu ya dubu. Mkristo anatamani kukimbia, kisha anakumbuka mgongoni hana silaha yoyote, ngao na dirii zote ni za mbele. Basi anasimama. Wanapigana zaidi ya nusu siku! Wanangu walinyamaza kimya. Ila sehemu za mazungumzo marefu ziruke, watoto watasinzia.

Babu_Chumbageni
Shikamoo mnipe, lakini na mimi mnisikilize. Ufunuo 12:9 imesema wazi yule joka ni nani. Kwa Lewis mtoto anageuka joka na msomaji anamhurumia. Hapo mimi nasita.

Mwalimu_Dunda
Shikamoo babu. Naelewa hofu yako, na wazazi wawili wameniambia hivyo hivyo. Lakini tazama Eustace anavyogeuka: amelala juu ya hazina ya joka, moyoni uroho mtupu, mkononi amevaa bangili ya dhahabu. Anaamka joka, bangili inambana mkono ulionenepa hadi analia. Anajichuna ngozi mara tatu, chini yake ipo ngozi nyingine. Mpaka simba Aslan amchune kwa kucha zake, kwa maumivu makali, kisha amtupe majini. Babu, huo si ubatizo? Joka hapendwi pale. Anayependwa ni mtoto aliyemo ndani.

Babu_Chumbageni
Marahaba mwanangu. Hilo la kujichuna mwenyewe likashindikana, hilo limenigusa. Endelea.

Mkatoliki_Pwani
Msisahau Danieli 14 katika Biblia zetu. Danieli anapika lami, mafuta na nywele, anafanya maandazi, joka anakula anapasuka. Kisa kitamu, ila jioni moja kimekwisha.

Kijana_Pangani
Ningeanza na nunda mla watu, ile ya Unguja aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870. Paka amekula ndama, sultani anasema paka wangu, ndama wangu. Mwisho paka anakula wana wa sultani mwenyewe. Si hadithi ya Kikristo, lakini watoto wa pwani wataingia kwa Eustace wakiwa tayari wanajua uovu unavyofugwa nyumbani.

Mwalimu_Dunda
Asante sana kaka, hiyo ya kufuga nimeichukua. Nimeamua: Jumatatu nunda, kuanzia Jumanne Lewis, nikitafsiri papo hapo kwa kuwa nakala yangu ni ya Kiingereza. Apolioni nitamweka siku ya mwisho, na watoto watengeneze ngao kwa maboksi. Dada wa Tanga, wale pacha wako walitumia nini kwa chapeo?

MamaPacha_Tanga
Vifuu vya nazi, mwalimu, tukavipaka rangi. Chagua vikubwa, vidogo havikai kichwani.