Simu ndogo inayoshikika kwa mkono mmoja bado zipo? Naombeni msaada

FundiWaya

Wakuu habari za mchana. Mi ni fundi umeme wa majumbani, nipo Mbagala, na kazi zangu nyingi ni juu ya ngazi ama ndani ya dari. Mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine ndo wa plaizi, tochi, simu, kila kitu. Na simu kwangu ni kitendea kazi kabisa, nikifungua boksi la breka kabla sijagusa waya hata mmoja napiga picha kwanza ili wakati wa kurudisha nijue kipi kilikuwa wapi, kule darini nawasha tochi yake, na hapo hapo mteja mwingine anapiga anauliza fundi umefika wapi.

Sasa hii niliyonayo ina inchi 6.8. Dole gumba halifiki juu. Nikitaka kushusha pale juu niwashe tochi lazima niiachie kidogo kiganjani iteleze chini halafu niidake tena. Jumatano nilikuwa ngazi ya saba nikafanya hivyo hivyo nilivyozoea, jasho mkononi, ikapita. Nikaisikia inagonga nondo ya dirisha, halafu zege. Siwezi hata kuinyooshea mkono maana ningeachia ngazi ningeifuata. Kioo chali, na hela ya kile kioo ni karibu nusu ya simu.

Na mfukoni ni shida nyingine, ovaroli langu lina mfuko wa pajani, nikichuchumaa kwenye soketi paja linaisukuma juu inachungulia nusu nzima.

Zamani nilikuwa na Galaxy S4 mini, ile nilikuwa naitumia nimefumba macho. Jumamosi nimezunguka Kariakoo kuanzia Msimbazi mpaka Aggrey, kila duka nikisema nataka simu ndogo wananipa ya inchi 6.5 wanasema "hii ndogo kaka", ama wananitolea kitochi. Kitochi ninacho, hakipigi picha ya kusomeka namba za breka. Bajeti ni laki nne mpaka sita, used sina shida nayo. Nataka laini mbili, kamera ya maana, na chaji inifikishe jioni. Nawasilisha.

Kioo_na_Betri

Mkuu pole kwa kioo. Mi natengeneza simu huu mwaka wa kumi na moja na hili swali napata kila wiki, hasa kutoka kwa akina dada na mafundi kama wewe, kwa hiyo usidhani uko peke yako.

Kitu cha kwanza, acha kuuliza inchi. Inchi inapimwa kona kwa kona ya kioo, haikwambii simu ni pana kiasi gani, na kinachokuangushia simu ni upana. Nikupe mfano uone. iPhone SE ya 2020 na ya 2022 zina inchi 4.7, iPhone 13 mini ina inchi 5.4. Mtu atakwambia SE ndo ndogo. Ukizipima, SE ina upana wa milimita 67.3 na ile mini ina 64.2, na kwa urefu pia mini ni fupi. Kwa nini, kwa sababu SE ina yale mapaji juu na chini na kitufe, kioo hakijajaa. Sasa hizi za kawaida zilizojaa madukani ni milimita 76, 77, na uzito unagonga gramu 200. Ukishavuka milimita 72 hivi mtu mwenye kiganja cha kawaida anaanza kuhangaika, hayo ni maoni yangu kwa kuangalia wateja wanavyozishika.

Kwa mahitaji yako ya Android ningekwambia hizi. Galaxy S22, milimita 70.6. Galaxy S23, 70.9, gramu 168. S24 nayo 70.6. Zote tatu zinavumilia maji na vumbi kwa kiwango cha IP68, na kwa mtu anayeingia darini vumbi ndo adui. S22 betri yake ni mAh 3700 tu (mAh ndo kipimo cha chaji betri inayobeba) na zile zenye prosesa ya Exynos zinachemka, ndo maana used zake bei imeshuka. S23 ina 3900 na prosesa ya Snapdragon kila nchi, hiyo ndo ningeichukua mimi hata kwa kuongezea hela kidogo. Usichukue S10e ingawa ni tamu mkononi (69.9) na bei yake ni nyepesi, maboresho yaliishia Android 12 na betri zilizomo saivi ni za 2019, nyingi nafungua nakuta zimevimba.

Asus nao walikuwa na Zenfone 8, 9 na 10, upana 68 na kitu, simu nzuri sana ila hapa kwetu ukivunja kioo utakaa wiki unatafuta spea. Kwa mtu wa ngazi sikushauri.

mtu_wa_chaji

Mi nitapinga kidogo. Simu ndogo nimeitumia mwaka mzima, iPhone 12 mini, betri yake ni 2227. Elfu mbili mia mbili wakuu! Hizi kubwa zina 5000. Saa nane mchana nilikuwa natafuta soketi kama mgonjwa anavyotafuta maji. Fundi anasema anataka kufika jioni na tochi anawasha, kamera anatumia, atalia. Bora aweke kamba ya mkononi kwenye hiyo kubwa yake, zile za kufunga kwenye kava, elfu tano imeisha.

Bi_Kisauni

Ndugu yangu FundiWaya nimesoma mpaka mwisho kwa sababu hayo ya mfuko nayajua. Mimi ni nesi huku Mombasa, yunifomu yetu mfuko ni wa kifuani. Nilikuwa na simu ya gramu 200 na kitu, kila nikiinama inaning'inia inavuta shingo ya gauni. Usiku mmoja nainama kumfunika mtoto wa watu, ikachomoka ikaanguka kwenye godoro sentimita chache kutoka kichwani kwake. Mtoto hakuamka, alhamdulillahi, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka zamu ikaisha. Kesho yake nikaanza kutafuta simu ndogo.

Tena nilikuwa na maumivu hapa chini ya dole gumba, upande wa kifundo, ile nikifungua chupa ya maji nasikia kama waya umevutwa. Daktari aliponiuliza nashikaje simu nikamwonyesha, kidole kidogo chini kimebeba uzito wote, gumba limenyooka kutafuta juu. Akaniambia pumzisha huo mkono na badilisha ushikaji.

Sasa natumia 13 mini mwaka wa pili. Siwezi kukuficha, chaji si ya kujivunia, ingawa ni afadhali kuliko hiyo 12 aliyoitaja ndugu hapo juu. Naweka kwenye chaja nikila chakula cha mchana, na pawabenki ndogo iko mkobani. Lakini naandika ujumbe kwa mkono mmoja na mwingine umeshika faili, kidole kinafika kona zote nne. Hilo la laini mbili liangalie vizuri, mini ina tundu moja la laini, ya pili lazima iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa na mtandao ndani ya simu, kwa hivyo hakikisha mtandao wako unakupa.

Hiyo ya kamba ya mkononi si mbaya lakini haifanyi dole gumba lirefuke.

Mtafiti_wa_mitaani

Naomba niongezee kwa nini zimepotea, maana watu wanadhani ni njama. Sony alikuwa na zile Compact, ya mwisho ilikuwa XZ2 Compact ya 2018, akaacha. Apple katoa mini mbili tu, 12 na 13, ilipofika 2022 nafasi ya mini akaiweka Plus ambayo ni kubwa. Februari 2025 akaiondoa na SE, iliyokuja badala yake ni 16e ya inchi 6.1. Asus baada ya Zenfone 10 akaja na 11 Ultra ya inchi 6.78. Wote wamepita njia hiyo hiyo. Sababu kubwa ni kwamba simu kwa watu wengi ndo tivii, ndo kompyuta, ndo kila kitu, mtu anaangalia mechi humo, na ndani ya bodi kubwa unaingiza betri kubwa na kamera kubwa kwa gharama ndogo. Kuminya vitu ndo gharama. Ndo maana simu ndogo zilizobaki karibu zote ni za bei juu, simu ya laki mbili na nusu yenye umbo dogo na kamera nzuri hakuna.

Ila si kwamba mlango umefungwa. Kuna betri mpya za silikoni-kaboni, zinabeba chaji nyingi kwenye nafasi ile ile. 2025 OnePlus walitoa China simu inaitwa 13T, upana milimita 71.7 na betri 6260. Soma tena hiyo namba, ni zaidi ya hizo kubwa anazosifia mtu_wa_chaji. Gramu 185 tu. Vivo naye ana X200 Pro mini, 71.8 na betri 5700. Shida ni kwamba zilianzia soko la China, na ukiagiza ya huko lazima uangalie inashika masafa ya 4G ya mtandao wako. Kwa bajeti ya fundi bado, lakini baada ya miaka miwili mitatu zikianza kuingia kama used hali itabadilika.

FundiWaya

Wakuu nashukuru mno, sikutegemea. Bi Kisauni pole na huo mkono, na umenigusa, maana hata mimi hiki kidole kidogo kina kishimo hapa simu inapokaa, nilidhani ni plaizi.

Kioo_na_Betri nakuuliza, nikienda kuchukua S22 ama S23 used naangalia nini? Mwaka juzi nilipigwa duka fulani, simu ilikuwa ya nje imefungwa kwenye mtandao wa huko, ikawa kila ukiingiza laini inaomba namba za siri. Na ile kona ya juu, kwa S23 gumba litafika kweli?

Kioo_na_Betri

Kufika kona ya juu kabisa, kwa watu wengi hapana, nisikudanganye, inabaki kama sentimita moja. Ila kwa Samsung kuna hali ya mkono mmoja, ipo kwenye seting upande wa vipengele vya ziada, ukiiwasha unatelezesha kidole kushuka pale chini katikati ya kioo, picha yote inasinyaa inakuja usawa wa gumba. Na kamera huna haja ya kugusa kioo, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili inafunguka yenyewe. Hiyo ukiwa ngazi ya saba utanikumbuka.

Ukifika dukani usilipe kabla ya haya. Weka laini zako mbili MWENYEWE na upige simu kwa kila moja ukiwa pale pale. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) watakujibu ni simu gani, jibu lifanane na ulichoshika. Washa kioo cheupe kwenye mwanga kamili utafute vivuli na mistari, Samsung nyingi used kioo kimebadilishwa na waliofunga hawakurudisha gundi ya kuzuia maji, kwa hiyo ile IP68 ihesabu kama haipo. Ilaze kifudifudi kwenye meza ya kioo, mgongo ukiwa umenyanyuka upande mmoja betri imeanza kuvimba, irudishe. Halafu itumie kurekodi video dakika kumi, uone inachemka kiasi gani na chaji imeshuka asilimia ngapi.

Na tenga hela ya betri mpya tangu mwanzo. Simu ya 2023 yenye betri mpya itakufikisha jioni kwa kazi zako, hapo mtu_wa_chaji atakuwa amepata jibu.

Kingine, kabla hujatoka nyumbani kata boksi, upana milimita 71, urefu 146, tabaka mbili tatu ifike unene wa 8 hivi. Liweke mfukoni uende nalo kazini siku moja.

FundiWaya

Nimerudi. Nilikata boksi la breka za mteja, nikalifunga na soleteipu nyeusi, nikapanda nalo leo nyumba mbili Kijichi. Nimechuchumaa kwenye soketi zaidi ya kumi halikutoka. Darini nimelishika na vidole vimezunguka mpaka karibu vikutane na kiganja, ile kubwa vidole vinabaki pembeni vimekakamaa. Kona ya juu upande wa pili kweli gumba limepungukiwa kidogo, kama ulivyosema.

Nimeongea na mke wangu tumekubaliana niongeze laki moja juu ya ile sita, natafuta S23, na betri mpya nitakuja kukufungia kwako ukinitumia namba ya duka inbox. Jumamosi nashuka tena Kariakoo na kile kiboksi mfukoni, muuzaji akiniambia "hii ndogo kaka" naiweka juu yake.

Bi_Kisauni

Hapo sawa kabisa. Ukishaipata weka na kava nyembamba lenye mkwaruzo pembeni, si lile nene la mpira, litakurudishia milimita zote ulizokimbia.