Mnabishana chama kimoja au vyama vingi, kiti cha DC wa mkoloni hakuna anayekigusa

Wakuu leo acha niseme maana nimechoka kweli. Kila uchaguzi ukivurugika mahali Afrika wanaibuka watu wawili walewale. Wa kwanza anasema demokrasia ni ya wazungu, Mwafrika anataka mtu mmoja mkali ashike kiboko ndo maendeleo yaje. Wa pili anasema tatizo hatujaiga vizuri, tuchukue katiba za Ulaya kama zilivyo mambo yatanyooka. Wanatukanana wee mpaka asubuhi na hakuna hata mmoja anayeuliza huko wilayani nani anatawala na anawajibika kwa nani. Miaka 60 na ushee ya uhuru bado tunagombania jina la mfumo wakati mtambo wenyewe wa kutawala ni uleule aliouacha mkoloni.

Chukua Tanganyika. Mwingereza alikuwa na gavana Dar es Salaam, chini yake wakuu wa majimbo, chini yao ma-DC, yaani wakuu wa wilaya. DC ndiye mtawala, ndiye hakimu, ndiye msimamizi wa kodi, na hakuna mwananchi wilayani aliyeweza kumuuliza kitu kwa sababu bosi wake yuko juu, sio chini. Haya, leo mkuu wa wilaya yako nani kamchagua? Nani pale wilayani anaweza kumtoa akiboronga? Anateuliwa na rais, anatumbuliwa na rais, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu yeye na mkuu wa mkoa kuamuru mtu akamatwe awekwe ndani mpaka saa 48. Mwaka 1997 jamani! Vyama vingi vilisharudi tangu 1992, tumeshapiga kura 1995, halafu Bunge linakaa linampa mteule mmoja madaraka ya bwana shauri, yaani yuleyule DC wa mkoloni. Kisha mtu anakuja kifua mbele anasema demokrasia imejaribiwa Afrika ikashindwa. Imejaribiwa wapi? Kwenye karatasi ya kura tu, siku moja kila baada ya miaka mitano.

Waasisi siwabezi, najua walikuta nini. Mipaka ilichorwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga huku, na Julai 1964 pale Cairo wakuu wa nchi za OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, wakaamua ibaki ilivyo maana wakianza kuigusa vita haviishi. Wasomi wachache, hazina tupu, makabila ambayo mkoloni aliyatenganisha makusudi. Hofu yao ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini angalieni walichokimbilia kukishika. Ghana imepata uhuru 1957, sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ikapita 1958. Tanganyika uhuru Desemba 1961, sheria ya aina hiyohiyo 1962, na ile sheria ya mkoloni ya 1921 ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka wilaya yake kwenda nyingine ikaachwa iendelee. Kenya walikuwa na katiba ya majimbo 1963, kufika mwisho wa 1964 imeshavunjwavunjwa, madaraka yote yamerudi Nairobi kulekule alikokaa gavana.

Halafu tukaambiwa huo ndo Uafrika wenyewe, kwamba wazee wetu walikaa chini ya mti wakaongea mpaka wakakubaliana, kwa hiyo upinzani ni jambo la kigeni. Hapa ndo hasira inanipanda. Hao wa chini ya mti walikuwa WANAONGEA. Mtu alisimama akampinga mzee mbele ya watu, shauri likaahirishwa, likarudi, likaahirishwa tena mpaka aliyepinga amesikika. Na sehemu nyingi chifu akizidisha uonevu watu walibeba mizigo yao na mifugo yao wakahamia kwa chifu mwingine, kwa hiyo alijua kabisa kwamba akizidi atabaki peke yake. Nyie mmechukua kule kukubaliana tu, kuongea mkakuacha, na mlango wa kuhama mkaufunga kwa sheria ya kizuizini. Waoromo wa Ethiopia wana gadaa, viongozi wanakaa miaka 8 wanakabidhi kwa kundi linalofuata, basi imeisha. Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, naye alipiga kelele za uhalisi wa Kiafrika, akabadilisha majina ya watu na ya nchi, akakaa tangu 1965 mpaka alipofurushwa 1997. Banda wa Malawi akafanywa rais wa maisha 1971. Hiyo ya maisha ni mila ya kabila gani?

Tena hata huyo chifu mnayemsifu mara nyingi ni zao la ofisi ya mkoloni. Waigbo wa Nigeria wengi wao hawakuwa na wafalme, mambo yaliamuliwa kwenye mabaraza ya ukoo na rika na vikundi vya wanawake. Mwingereza hakulielewa hilo, akawapa watu hati akawafanya machifu, wakaanza kuonea wenzao, na mwaka 1929 zilipoenea habari kwamba wanawake nao watatozwa kodi wakainuka kwa maelfu kuwataka hao machifu wavue kofia zao za cheo. Serikali ikajibu kwa risasi, wakafa wanawake wapatao 50. Hapa kwetu baada ya gavana Cameron kufika 1925 mtindo ukawa huohuo, pasipo na chifu akatafutwa. Mwaka 1963 tukawafuta machifu, sawa, wengi wao walishakuwa watumishi wa mkoloni. Lakini DC tukambakisha! Na vile vilivyokuwa vinamzuia mtawala zamani, baraza, rika, haki ya kumkataa, hakuna aliyekaa kuvitafutia nafasi kwenye serikali mpya. (Sisemi zamani kulikuwa peponi, kulikuwa na utumwa na sehemu nyingi wanawake hawakuruhusiwa hata kuingia barazani, hayo yazikwe hukohuko.)

Na wapo Waafrika waliokaa chini wakatafuta kitu chao, sema humu hamtaki kuwasoma. Benin Februari 1990 uchumi umeanguka, mishahara hailipwi, wakaitisha mkutano wa kitaifa, wakaingia walimu, wanafunzi, wafanyakazi, watu wa dini, wanasiasa wa zamani, na wakiwa mlemle ndani wakajitangaza kwamba wao ndo wenye mamlaka ya juu. Kérékou aliyekuwa madarakani tangu 1972 akakubali, 1991 akashindwa kwenye kura akaondoka. Mtindo ule nchi kadhaa za jirani ziliuiga. Somaliland, iliyojitenga na Somalia, mwaka 1993 wazee wa koo walikutana Borama wakakaa kwa miezi, wakatoka na serikali yenye baraza la wazee, Guurti, pembeni ya baraza la wawakilishi, wakati Mogadishu inaungua pamoja na wanajeshi wa kimataifa waliojazwa pale. Ila nao wana doa kubwa, Guurti haijawahi kuchaguliwa na wananchi na muda wake umekuwa ukiongezwa tu, yaani hata cha kwako mwenyewe kikikosa namna ya kumtoa mtu kinaoza. Botswana nao waziri akiwa na jambo linalogusa watu inabidi alipeleke kgotla, kwenye baraza la kijiji, asimame pale aulizwe na watu wa kawaida. Kuna manung'uniko, hasa ya Wasan, wale wawindaji wa asili wa Kalahari, ila mwaka 2024 chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966 kilishindwa kwenye kura kikakabidhi nchi kwa amani.

Sasa njoo kwa majirani. Uganda 1986 walianza na kitu kizuri, mabaraza ya wananchi kuanzia kijijini, watu wanachagua jirani yao wanayemjua. Wakasema mfumo bila vyama ndo unaotufaa. Lakini kila wilaya ikabaki na mteule wa rais, na 2005 ukomo wa mihula ukaondolewa, 2017 ukomo wa umri ukaondolewa, mabaraza yapo na hayana la kufanya. Kenya baada ya damu ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, zaidi ya watu 1,000 wamekufa, wakaandika katiba ya 2010, kaunti 47, magavana wa kuchaguliwa, angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ziende kwao. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila nenda kaunti yoyote utakuta pembeni ya gavana yupo kamishna wa kaunti aliyeteuliwa kutoka Nairobi, chini yake machifu wanaolipwa na serikali kuu, yaani ule mnyororo wa zamani umebadilishwa jina ukaambiwa ubaki.

Vijana wa Mali, Burkina Faso na Niger wanaoshangilia wanajeshi naelewa machungu yao, wamepiga kura miaka na miaka maji hayaji na usalama hakuna. Lakini mwanajeshi anakaa kiti kilekile na kuteua watu wale wale wa mikoani, tena safari hii hata ile siku moja ya kura haipo.

Turudi nyumbani nimalize. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji, watu wote wenye miaka 18 na kuendelea, ndo mamlaka ya juu kabisa ya mambo ya kijiji. Hicho ndo chini ya mti chenyewe kiko kwenye vitabu vya sheria! Kijijini kwetu mkutano huo ulikaa ukakataa eneo la malisho lisitolewe kwa mwekezaji, mihtasari ikaandikwa, watu wakasaini. Akaja mkubwa mmoja kutoka wilayani na gari la polisi, akasema huo mkutano haukuwa na kibali chake, mwenyekiti akalala ndani, eneo likaenda. Mwenyekiti wa kuchaguliwa na watu kawekwa ndani na mtu ambaye hakuna hata mmoja pale aliyempigia kura.

Na msiniambie wananchi hawajui wanachotaka. Tume ya Warioba, ile ya kukusanya maoni ya katiba mpya, ilizunguka nchi nzima, na kwenye rasimu yake wapiga kura wakapewa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake na mbunge akawekewa ukomo. Bunge Maalum la Katiba 2014 likayafuta yote mawili, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Tume ya Nyalali kabla yake, ile ya kuuliza watu kama wanataka chama kimoja au vingi, ilitaja sheria 40 zilizotakiwa kufutwa au kurekebishwa, nyingine za tangu enzi za mkoloni. Ripoti zipo zinakaa makabatini.

Ninachotaka ni hivi. Mkuu wa wilaya achaguliwe na watu wa wilaya au cheo kifutwe. Saa 48 zifutwe. Mkutano mkuu wa kijiji ukisema hapana iwe hapana mpaka mahakama iseme vingine. Aliyechaguliwa aweze kutolewa na waliomchagua. Baada ya hapo ndo tuje tubishane chama kimoja, viwili au hakuna kabisa. Na wewe unayetaka kuandika hapa chini kwamba Mwafrika hajakomaa kwa demokrasia, kabla hujaandika niambie DC wako anaitwa nani na ulimpa madaraka lini.