Christus Patiens: nitatambuaje mishororo iliyoazimwa kwa Euripides?

Swali
Wakuu, nasoma hii tanzia ya Kiyunani ya mateso ya Kristo. Dibaji inasema wazi kwamba mshairi atasimulia kwa kumfuata Euripides, mtunzi wa tanzia wa Ugiriki ya kale. Nitajuaje alipoazima na alipotunga mwenyewe? Na je, ni kweli inasaidia kurudisha sehemu iliyopotea ya Bacchae, tanzia yake mojawapo?

Jibu la 1
Anza na tanzia yake ya Medea. Yaya anafungua kwa kilio: laiti Argo, merikebu ya Jason, mume wa Medea, isingepita kwenye miamba inayogongana. Hapa Mama wa Mungu anafungua: laiti nyoka asingetambaa bustanini. Kilio ni kilekile, chanzo cha balaa ndicho kilichobadilishwa. Kisha endelea na tanzia nyingine: Hippolytus, Bacchae, Rhesus, Hecuba, Troades na Orestes. Wamo pia washairi wengine wa Kiyunani, Aeschylus na Lycophron. Jumla ni mishororo kama 2,600, na takriban theluthi ni viraka, yaani maneno yaliyoazimwa. Usitafute mishororo mizima tu, maana mara nyingi ni nusu iliyochomekwa. Na "ole wangu" usiihesabu, imejaa katika kila tanzia.

Jibu la 2
Kuhusu Bacchae, ndiyo, ila kwa tahadhari. Katika hati ya mkono iitwayo Laurentianus, tanzia hiyo inakomea mshororo wa 755. Mwisho umebaki katika hati nyingine, Palatinus, peke yake, nayo ina pengo baada ya 1329. Apsines, mwalimu wa balagha wa karne ya 3, anashuhudia kwamba hapo Agave, mama aliyemrarua mwanawe kwa wazimu, alimlilia kiungo kwa kiungo. Maombolezo ya Maria, yaliyoazima humo, yanajaza hapo. Shida ni kwamba mshairi hubadili jinsia, nafsi na wakati wa vitenzi, kwa hiyo unapata maudhui, maneno halisi ya Euripides huna hakika nayo.

Muulizaji
Maria kusema kwa kinywa cha Medea, aliyeua wanawe? Haikwaruzi?

Jibu la 3
Inakwaruza, na hapo ndipo ufundi ulipo. Ukali wa Medea dhidi ya Jason, mume aliyemsaliti, unaelekezwa kwa Yuda. Agave naye anaazimwa uchungu, hatia yake inaachwa.

Nyongeza: hati za Christus Patiens zinamtaja kama mtunzi Gregori wa Nazianzo, baba wa Kanisa aliyefariki mnamo 390, na Tuilier, mhariri wa toleo la 1969, alimtetea. Wengi wanaiweka karne ya 11 au 12, nami nipo nao. Hesabu mizani: Euripides huweza kupasua silabi ndefu kuwa mbili fupi, mshororo ukafika 13 au zaidi. Huyu hung'ang'ania 12, na urefu wa irabu a, i na u, ambao maandishi ya Kiyunani hayauonyeshi, unampiga chenga. Ukikuta kosa la namna hiyo, kiraka kimeguswa na mshairi huyu.