Tupeane uzoefu: kwaya na ngoma za shule ya msingi huwa zinaharibikia wapi?

Mwl_Solfa:
Wanajamvi habarini. Nimekutana na klipu ya kwaya ya watoto, wote wamemkodolea mwalimu macho kama wanasubiri viboko. Hata sijafungua sauti nikajua: ufunguo umetolewa juu. Msimu wa UMITASHUMTA (mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi Tanzania) haukosi hii, mahafali ya darasa la saba ndiyo usiseme. Tupeane uzoefu wa kiufundi tu. Shule gani, mwalimu gani, tuyaache.

Dakika mbaya kuliko zote ni ile ya kwanza. Watoto wamesimama juani saa nzima wakingoja zamu, koo zimekauka. Mwalimu moyo unamdunda, anatoa do (noti ya msingi ya wimbo) kwa kukisia. Mazoezini do ilikuwa F, leo katoa A, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi sauti hupanda bila yeye kujua. Ubeti wa kwanza unapita salama. Kiitikio kikigusa noti la (ya sita toka do), ile la iliyokuwa D sasa ni F-shapu. Wa darasa la nne wanakaza shingo na kupiga kelele, wakubwa wanashuka oktava (noti ileile, ila ya chini), sauti ya pili wanakosa pa kushika wanaifuata ya kwanza. Sauti mbili zimekuwa moja, nayo mbovu.

Dawa: uma wa A (kichuma ambacho ukikigonga kinatoa noti A). Uligonge gotini, ushikize sikioni. Kama do yako ni F, ile A ni mi. Shuka mi-re-do, umefika. Kisha watoto waivumishe do midomo imefungwa kabla hujainua mkono.

Chapuo:
Hapo kwenye la umemaliza, mwalimu.

MamaAlto:
Naongeza. Fundisheni sauti ya PILI kwanza, kwaya nzima, siku mbili tatu, ndipo muingize ya kwanza. Melodia mtoto anaidaka hata akiwa anafagia uwanja, ya pili haijifundishi. Wengi wanafanya kinyume halafu wanalalamika alto (wa sauti ya pili) "hawana masikio".

Kinanda_Mkuu:
Sikubaliani, dada. Ukianza na ya pili watoto wanaamini ndiyo wimbo wenyewe. Peleka kinanda, mpigie kila mmoja noti zake, yaishe.

MamaAlto:
Kinanda kwenye uwanja wa kata, mkuu? Umeme utautoa kwenye mwembe?

Kinanda_Mkuu:
Betri sita kubwa zinatosha.

Mwl_Solfa:
Zinatosha zikiwa mpya. Na kabla ya kupanda angalia kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mtu aliyekitumia kanisani Jumapili akiacha +2, unapiga F inatoka G. Kingine: kwaya iliyozoea kubebwa na kinanda ikinyimwa kinanda inashuka ufunguo kila ubeti, maana noti mi na ti huimbwa chini kidogo na hakuna wa kuwavuta. Siku mbili kwa wiki waimbe bila chombo.

Fundi_Wamba:
Mnagombana na kinanda wakati ngoma zinapasuka jukwaani.

Mlio wake kama bunduki, halafu kimya. Wachezaji wamenyanyua mguu mmoja hewani, hawajui waushushe lini. Asilimia kubwa ni moto. Asubuhi ngozi imelegea kwa umande, watu wanawasha makaratasi wanaisogeza ngoma karibu wapate sauti haraka. Katikati inakauka, kingoni bado mbichi. Akija kijana wa darasa la saba mwenye nguvu zake, pigo la tatu inachanika.

Nusu mita toka motoni, izungushe muda wote, kiganja chako kiwe juu ya ngozi. Kiganja kikiungua, ngozi nayo inaungua. Anzia kingoni. Vumi (ngoma kubwa) linataka muda mrefu kuliko chapuo (ngoma ndogo), ngozi ya ng'ombe ni nene.

Chapuo:
Duh. Sasa ikishapasuka, inakuwaje?

Fundi_Wamba:
Mpiga chapuo anashika mapigo ya vumi, anayapiga katikati ya ngozi yapate uzito. Ila haiwezekani kama hamkufanyia mazoezi. Mara moja kwa wiki mzimishe ngoma kubwa makusudi katikati ya mchezo, waliovaa njuga wabebe mapigo kwa miguu mpaka mwisho. Kundi lenye njuga zinazojua kuhesabu halifi.

Binti_Pwani:
Ya kuwamba upya je? Tuna pipa zuri, ngozi imekwisha.

Fundi_Wamba:
Ngozi ya mbuzi, loweka usiku kucha, nyoa manyoya, wamba ikiwa mbichi. Mambo (vijiti vya kushikiza ngozi) yapigwe kwa kutazamana: moja kaskazini, la pili kusini, siyo kwa kuzunguka, itavutwa upande. Kausha kivulini siku tatu. Juani inapasukia kwenye matundu ya mambo.

Otis_254:
Huku Kenya kwa mtaala wa umilisi (uliokuwa ukiitwa CBC) kilio ni filimbi za plastiki. Mzazi ananunua yoyote sokoni. Mnajikuta na za German na za Baroque (aina mbili zenye mpangilio tofauti wa vidole) darasa moja, F ya huyu si F ya yule. Hesabu matundu ya mbele toka juu: la 4 likiwa kubwa kuliko la 5 ni German. Anzeni na B, A, G, mkono wa kushoto juu. Ikipiga kelele ni tundu la dole gumba halijazibwa, ama anapuliza kama anazima mshumaa.

Kinanda_Mkuu:
Kwa koo, yai bichi alfajiri.

MamaAlto:
Uwatapishe watoto wa watu? Maji ya vuguvugu.

Chapuo:
Tangawizi.

MamaAlto:
Tangawizi kwa mtoto wa darasa la pili, haya wewe.

Binti_Pwani:
Na wavulana ambao sauti imevunjika?

Mwl_Solfa:
Usiwafukuze. Wape ngoma, au waimbe sehemu yenye noti nne tano zinazowafaa. Ukiwalazimisha juu wataharibu wote.

Binti_Pwani:
Swali la mwisho, marimba yetu ya mbao inagonga "tok", haivumi.

Fundi_Wamba:
Kamba imepita pabaya. Ubao wa sentimita 40, kamba ipite sentimita 9 toka kila ncha. Sauti ikiwa juu, chonga chini ya ubao katikati. Ikiwa chini, punguza ncha. Chonga kidogo kidogo, gonga, sikiliza.