Kikundi cha Nyumba ya Magomeni: GB 500 zimekwisha na mwezi bado mbichi

Tarehe 20, jioni

Salma: Shikamooni wakubwa. Naomba msamaha kwa kuleta jambo hili kikundini badala ya kulizungumza sebuleni, lakini kila mmoja ana saa yake ya kurudi nyumbani nami nataka wote mlisome. Leo saa 1 usiku nilikuwa kwenye kipindi cha mtandaoni cha marudio ya mtihani, na mhadhiri akaganda mdomo ukiwa wazi, sauti ikawa inakuja vipande vipande, mwishoni nikatolewa kabisa. Nilipojaribu kurudi, kile kiduara kilizunguka mpaka kipindi kikaisha. Huu ni mwezi wa pili mfululizo intaneti yetu kufa tarehe hizihizi, na mtihani wangu ni tarehe 27.

Baba Mkubwa: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mimi nilidhani ni tatizo la nchi nzima, kama lile la Mei 2024, wakati nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na benki na ofisi zikakwama. Je, majirani nao wanalalamika?

Idrisa: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimeuliza nyumba mbili za jirani zinazotumia kampuni hiihii na nguzo hiihii, na kwao kila kitu kiko sawa. Waya wa baharini ukikatika hauchagui nyumba. Kilichotokea kwetu ni kwamba alfajiri ya leo tumemaliza GB 500 za mwezi, na kampuni ikatushusha kutoka kasi ya Mbps 20 hadi Mbps 1. Ujumbe wao uliingia kwenye simu yako kwa sababu laini iliyosajiliwa ni yako.

Baba Mkubwa: Ujumbe nimeuona sasa hivi, ulikuwa umefunikwa na matangazo. Lakini sielewi jambo moja. Mimi nililipia kifurushi kinachoitwa cha bila kikomo. Karatasi ninayo kabatini.

Idrisa: Ni kweli kiliitwa hivyo, na karatasi niliisoma. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo, kuna kifungu cha matumizi ya haki kinachosema kwamba mteja akifikisha GB 500 hatakatiwa, ila atapunguziwa kasi hadi mwezi mpya uanze. Kwa hiyo neno "bila kikomo" wamelisimamisha juu ya hoja kwamba intaneti haikatwi, wakati sisi tulilielewa kama kila mtu alielewavyo. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi mlangoni. Kasi, inayopimwa kwa Mbps (megabiti kwa sekunde), na kiasi, kinachopimwa kwa GB (gigabaiti), ni vitu viwili. Kasi ya Mbps 20 ikitumika yote kwa saa moja inavuta GB 9, na ukigawa GB 500 kwa 9 unapata kama saa 56. Yaani kasi ileile tuliyouziwa, tukiitumia yote bila kupumzika, inamaliza kifurushi cha mwezi ndani ya siku mbili na theluthi moja tu.

Shangazi Rukia: Naona mazungumzo yanaelekea kwangu hata kabla jina langu halijatajwa, kwa hiyo niseme mwenyewe. Mwezi uliopita niliambiwa kwamba tamthilia zangu ndizo zinazomaliza kifurushi, nikanyamaza ingawa niliumia. Ninaangalia vipindi viwili kila usiku baada ya kutoka dukani, saa mbili tu, na ndiyo mapumziko niliyo nayo. Ikiwa kweli mimi ndiye ninayemharibia Salma mtihani, nitaacha leo hii. Lakini ninaomba nionyeshwe kwa hesabu.

Mama Salma: Wifi, mwezi ule aliyesema maneno hayo ni mimi, na niliyasema bila kuwa na ushahidi wowote. Ninaomba radhi mbele ya wote.

Baba Mkubwa: Rukia ana haki. Idrisa, ruta yenyewe haiwezi kutuambia nani katumia kiasi gani? LUKU ya umeme inatuonyesha uniti moja baada ya nyingine. Sioni kwa nini kifaa cha kisasa kishindwe.

Idrisa: Inaweza, Baba Mkubwa. Inaweka jumla ya kila kifaa tangu mwezi uanze, ila hakuna aliyewahi kuifungua kutazama. Nipeni nusu saa.

Idrisa: Nimepata, na nimerudia kusoma mara mbili ili nisimsingizie mtu. Simu zote za nyumbani kwa pamoja ni GB 25. Kompyuta ya Salma GB 19. Tableti ya watoto GB 38, karibu zote katuni. Televisheni ya sebuleni, ambayo ni ya Shangazi usiku, GB 114, sawa na GB 6 kwa siku. Hiyo inalingana kabisa na saa zake mbili, kwa kuwa Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya HD, yaani ya ubora wa juu, hutumia hadi GB 3 kwa saa. GB 304 zilizobaki zimetumiwa na televisheni ya chumbani kwa Bibi.

Shangazi Rukia: Kwa Bibi? Mama haangalii hata taarifa ya habari.

Baba Mdogo Hamisi: Asalaam alaykum kutoka Muscat. Televisheni hiyo nilimletea mimi kabla ya Ramadhani, baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilitaka macho yake mapya yapate kitu kizuri cha kutazama. Nimesikitika kuona kwamba zawadi yangu ndiyo iliyoleta mzigo huu.

Salma: Baba Mdogo, usisikitike, kwa sababu nadhani ninajua kinachotokea. Juzi saa 8 usiku nilikwenda kumtazama Bibi aliposikika akikohoa. Alikuwa amerudi kulala. Mwanga wa televisheni ulikuwa umeangukia chandarua, tasbihi iko mkononi, na kwenye kioo kulikuwa na matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka, watu wakitufu kuizunguka Kaaba. Sikuzima kwa sababu ilionekana kana kwamba ile sauti ya kisomo ndiyo iliyomlaza. Sikuwaza kabisa kuhusu GB.

Idrisa: Basi hesabu imekamilika. Bibi hulala kama saa 4 usiku na kuamka alfajiri, tuseme saa 8 za matangazo. GB 304 kwa usiku 19 ni GB 16 kwa usiku, sawa na GB 2 kwa saa. Ile televisheni ikiachiwa ichague yenyewe, huchukua picha bora kuliko zote ambazo waya unaweza kuileta, hata kama chumbani hakuna jicho lililo wazi. Na ndiyo maana tatizo lilianza miezi miwili iliyopita, ilipofungwa televisheni mpya. Kabla ya hapo tulikuwa tunamaliza mwezi bila kugusa kikomo, na tamthilia za Shangazi zilikuwepo vilevile.

Mama Salma: Nimezidi kuona aibu kwa maneno yangu ya mwezi ule.

Baba Mkubwa: Ninataka jambo moja lieleweke kabla hatujaendelea. Mama ana miaka 81. Hakuna atakayekwenda kumzimia Makka yake ili sisi tuangalie mpira. Tutafute njia nyingine, na ikishindikana nitaongeza fedha kwa kifurushi kikubwa zaidi.

Baba Mdogo Hamisi: Nami nitachangia, Kaka. Ila tusikimbilie kulipa kabla hatujajaribu kushusha ubora wa picha. Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Kamishna wa Umoja wa Ulaya Thierry Breton aliziomba kampuni za video zipunguze mzigo kwenye mitandao, na Netflix ikapunguza kiasi cha data barani Ulaya kwa robo nzima kwa siku 30, YouTube nayo ikaanza kufungulia video kwa picha ya kawaida badala ya HD. Kama bara zima liliweza kuangalia hivyo, chumba kimoja cha Magomeni kitaweza.

Salma: Nina hoja moja ambayo naomba isipotee. Tunasema Bibi ametumia GB nyingi, na ni kweli, lakini amezitumia saa ambazo nyumba nzima na pengine mtaa mzima umelala. Kampuni inasema kifungu cha matumizi ya haki kipo ili mtu mmoja asiwabane wenzake wanaotumia njia moja. Sasa saa 9 usiku Bibi anambana nani? Msongamano uko kati ya saa 1 na saa 4 usiku, kila nyumba inapowasha televisheni. GB moja ya saa 2 usiku na GB moja ya saa 9 usiku hazina uzito sawa kwa waya, ila kwenye hesabu ya kampuni zina uzito sawa. Nadhani hapo ndipo penye dhuluma, kwa kuwa wanapima kitu kimoja na kudai wanazuia kingine.

Baba Mkubwa: Hoja hiyo ni nzito, na umeieleza vizuri. Andika barua kwa jina langu, uwaulize kwa nini saa za usiku wa manane zisitolewe kwenye hesabu, na kwa nini neno "bila kikomo" limechapwa kwa herufi kubwa mbele na kikomo chenyewe kwa herufi ndogo nyuma. Tutaanza nao wenyewe, na wasipotujibu tutakwenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Nitatia sahihi kesho.

Tarehe 21, asubuhi

Salma: Nimekaa na Bibi baada ya kifungua kinywa na kumweleza yote polepole. Ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mimi sikujua kwamba picha ile inanunuliwa. Nilidhani ukishanunua televisheni yamekwisha, kama redio ya marehemu babu yako. Tangu jana Kaaba imekuwa ikisimama, watu wanasimama, kisomo kinakatika, nikadhani macho yangu yameanza tena, nikaogopa kusema. Mnaweza kuizima. Ila nikiamka saa 9 kwa tahajudi, roho yangu hutulia nikiiona."

Shangazi Rukia: Mama alikuwa anaogopa kwamba macho yameharibika tena, naye akanyamaza! Mimi jioni hii nitalala chumbani kwake.

Baba Mdogo Hamisi: Mwambieni macho yake ni mazima. Nitampigia baada ya Adhuhuri.

Idrisa: Nilifikiri tumwekee kisomo kwenye flashi, ambacho hakitumii intaneti hata kidogo, lakini Bibi anataka kuona, si kusikia tu. Kwa hiyo usiku wa leo nitaishusha picha hadi ile ndogo kabisa, ya 144, halafu tutazame kama itakwenda kwa hii Mbps 1 tuliyobakiziwa. Kwa saa moja Mbps 1 hupitisha GB 0.45, na picha ya 144 haihitaji hata robo yake.

Tarehe 22, asubuhi

Idrisa: Usiku kucha, televisheni ya Bibi haikufika GB 1. Matangazo hayakusimama hata mara moja.

Shangazi Rukia: Nilikuwa macho saa 9 alipoamka. Ukiikaribia televisheni unaona kweli picha imetawanyika, nyuso za watu hazionekani. Lakini kutoka kitandani, ambako Mama anatazama, Kaaba ni Kaaba, na wale watu wanaonekana kama maji yanayozunguka. Nilimuuliza kama anaona tofauti. Akasema anaona haikatiki.

Baba Mkubwa: Alhamdulillahi. Na Salma afanyeje mpaka tarehe 27?

Idrisa: Kwa siku hizi zilizobaki tutafanya hivi, kama wakubwa mtaridhia. Kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku Mbps 1 yote iachwe kwa Salma, simu zetu tuziondoe kwenye wifi ya nyumbani, na watoto waangalie katuni nilizokwisha kuzipakua kwenye tableti kazini. Salma naye azime kamera yake na kubakiza sauti na picha ya mhadhiri. Mwezi mpya ukianza, hakuna haja ya mtu kujinyima. Bila ile GB 16 ya usiku tunatumia kama GB 10 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni 300 na ushei. Shangazi aendelee na tamthilia zake kwa HD kama kawaida.

Shangazi Rukia: Ahsante, mwanangu. Kwa siku hizi chache sitawasha kabisa. Salma asome.

Salma: Ahsanteni sana. Jambo dogo tu la kukumbuka: ile picha ya 144 hujirudisha yenyewe kwenye chaguo la awali kila matangazo yanapofunguliwa upya, kwa hiyo nitakuwa ninaiweka mimi kila siku baada ya Isha. Nikiwa chuoni, Mama ataiweka. Nimemwonyesha kwenye rimoti.

Tarehe 20 ya mwezi uliofuata, jioni

Idrisa: Nimefungua ruta leo. Jumla ya nyumba nzima ni GB 214, na katika hizo televisheni ya Bibi ni 17. Kasi bado ni Mbps 20.

Baba Mkubwa: Na barua yetu imejibiwa leo. Wanasema ombi la saa za usiku wamelipeleka kwa wahusika. Kuhusu neno "bila kikomo" hawakusema lolote. Salma, tayarisha ya pili.

Salma: Ninaanza usiku huu huu, Baba Mkubwa. Bibi naye ana ombi: anasema Ijumaa mchana, wakati wa hotuba, awekewe ile picha nzuri ya mwanzo ili azione nyuso za watu. Nimehesabu, ni GB 2 kwa saa.

Baba Mkubwa: Mwekee saa mbili.