Nimeuziwa majaketi ya watoto ya kujiokoa majini, yanazama, na muuzaji ananijibu eti ni ya ukaguzi

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa na hasira kali, maneno yakiwa makali mniwie radhi, ila sitapunguza hata moja.

Mimi na baba watoto tuna boti ya mbao, tunafanya biashara ya vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kusini. Tunapakia Kibirizi sukari, sabuni, unga na vyombo vya plastiki, tunashusha Sunuka, Sigunga, Herembe, Buhingu mpaka Kalya, tunarudi na dagaa wakavu. Mzunguko mmoja ni wiki, wakati mwingine zaidi. Shule zikifungwa watoto tunakuwa nao. Boti inakuwa ndiyo nyumba. Jiko la mkaa nimelikalisha ndani ya karai la mchanga nyuma ya mizigo, juu tumefunga turubai, usiku wanalala kwenye magunia ya unga katikati yangu na baba yao. Mkubwa ana miaka 9, anajua kuchota maji kwa kopo la kamba na kuosha vyombo bila kuinama nje. Mdogo ni binti wa miaka 4, na yeye ndiye sababu ya uzi huu.

Najua wapo wanaojiandaa kuuliza "mama gani anakaa na watoto majini?" Familia za Wazungu zinaishi kwenye boti za tanga baharini miaka na miaka na watoto wachanga, watu wanawaangalia mitandaoni na kuwasifu. Nami nimewaangalia sana, tena kwa makini, kwa sababu wanachofanya ndicho ninachokitaka. Mtoto akitoka tu chumbani kuja juu, jaketi liko mwilini. Lina mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande, lina kola ya kuinua kichwa, na kwenye upepo anafungwa kamba inayoteleza kwenye kamba nyingine ndefu iliyolazwa toka mbele hadi nyuma ya boti. Kamba hiyo ya kuteleza baba watoto alitutengenezea, haikutugharimu kitu. Jaketi ndilo hatuwezi kulitengeneza, tukaenda kununua dukani, hapahapa mjini.

Tulinunua mawili, Sh 35,000 kila moja. Mekundu, yana picha ya samaki kifuani, na ndani limeshonwa karatasi lililoandikwa kilo 15 hadi 30, Newton 100. Tuliuliza mara mbili kama ni ya mtoto kweli. Tukaapiwa.

Likizo ya Desemba tulitia nanga nje kidogo ya Herembe, tunasubiri mawimbi yatulie tushushe mzigo. Kwa kuwa tumesimama, mdogo tulikuwa tumemfungua ile kamba, jaketi analo. Alisimama juu ya ubao wa kukalia, akanyoosha mkono kufuata kikombe kilichokuwa kinaelea, akateleza. Nilisikia tu "chubwi". Nilipogeuka jaketi limeshapanda hadi masikioni, mikono iko juu, uso uko ndani ya maji. Lile jaketi lilikuwa linamlaza kifudifudi! Baba yake akajirusha na nguo zake. Alipomfikisha ubavuni nikamvuta kwa mkanda wa jaketi, mkanda ukang'oka ukabaki mkononi mwangu, mshono wote. Nikamdaka mkono. Alitapika maji, halafu akalia. Kilio kile sitakisahau, nilimshukuru Mungu kwa kila sauti yake.

Wenye kuijua pande ile wanaelewa. Milima inashuka hadi majini na haiishii hapo. Ziwa hili kwenye kina chake kikubwa ni mita 1,470. Mtoto akienda chini pale, hapana mzamiaji wa kumfuata. Na maji yetu si ya baridi ya kuua, juu yanakaa kama nyuzi 25 au 26, yaani mtu anayeelea vizuri, uso ukiwa juu, anaweza kusubiri msaada kwa muda mrefu sana. Kila kitu kiko kwenye kuelea. Ndicho tulicholipia.

Usiku ule nikalichana kwa kisu cha samaki. Ndani hakuna foma ngumu isiyonyonya maji. Ni vipande vya sponji, kama la godoro kuukuu, vingine vina rangi ya bluu vingine njano, vimefungwa kwenye mfuko laini wa nailoni uliotoboka. Nikaminya kipande kimoja, maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko.

Tuliporudi nyumbani nikachukua lile la pili, halijawahi kulowa. Newton 100 ni nguvu ya kubeba kama kilo 10 zinazoning'inia majini. Nikalifunga tofali moja la kuchoma, moja tu, nikalitumbukiza kwenye pipa saa mbili usiku. Asubuhi tofali na jaketi vyote viko chini.

Nikavibeba vyote nikaenda dukani. Muuzaji wala hakushtuka. Akaniambia: "Mama, punguza hasira. Haya watu wananunua kwa ajili ya ukaguzi. Wakikuta yapo na idadi imetimia, unaondoka." Aliyasema mbele ya wateja wawili. Akataka kunirudishia nusu ya hela nimwachie majaketi. Nimekataa hela na majaketi ninayo, na lile tofali pia.

Kwa hiyo anajua. Mtu anashona nguo ya kumvalisha mtoto, anajua itaanguka naye chini, anaweka picha ya samaki ili mtoto aipende. Na nyinyi mnaokagua, mnapanda botini mnahesabu, moja, mbili, tatu, mnaandika, mnashuka. Hata siku moja sijaona mkaguzi akichukua moja akalitupa majini. Ziwa liko hatua mbili kutoka mnaposimama!

Wenye boti, wavuvi wenye watoto, kina mama mnaopanda mitumbwi ya abiria kwenda vijijini: chukueni pipa na tofali, fanyeni usiku wa leo. Na mkanda uvuteni kwa nguvu zote, ukikatika kwenu ungekatika kwake.

Tunapakia tena Jumatatu. Binti anabaki kwa bibi yake Ujiji, analia toka jana anataka kwenda na baba. Mwenye kujua yanapopatikana majaketi halali ya mtoto wa kilo 16, hata kama ni Mwanza au Dar, aniandikie bei nitume hela. Leo asubuhi nimepita pale dukani. Ametundika mengine sita mlangoni, mekundu.