Tupeane uzoefu: Umewahi kuona uamsho wa kweli kanisani? Ulijuaje ni Mungu?

Mleta mada (Kimara)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina kiu ya uamsho kwakweli, nimechoka ibada za kuangalia saa, ila pia sitaki kuchukuliwa na kila upepo. Barabara yote ya Morogoro ni mabango ya mikesha, manabii, maji ya upako, kila mmoja anasema kwake ndo moto umeshuka. Halafu nakumbuka Moshi Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia mafuta ya upako, na wale walienda na shida zao halali kabisa. Sijaleta mada ya kusema watumishi, majina tuyaache. Nataka ulichokiona wewe, na ulikipimaje.

Mdau wa Mbagala
Amina mkuu. Kwetu ilianza kwenye wiki ya maombi ya kawaida tu, hakuna mhubiri mgeni, tulikuwa wachache maana ni masika na njia zote matope. Katikati ya wiki mama mmoja mhazini wa kikoba akasimama akasema zile hela tulizoambiwa zimeibiwa alizila yeye, akalia sana, na mchungaji wala hakukimbilia maiki, alinyamaza. Baada ya hapo watu wakaanza kutubu mmoja mmoja, baba na kijana wake waliokuwa hawasalimiani wakashikana mikono mbele yetu, tukatoka usiku hatuna hata daladala. Kilichonishtua ni mangi wa dukani, ambaye hasali kwetu, ananiuliza huko kanisani kwenu kuna nini mbona watu wanakuja kulipa madeni nilishayafuta? Yule mama alirudisha kidogo kidogo mpaka zikaisha. Uhazini hakurudishiwa, na naona ilikuwa sawa, kusamehewa ni kitu kimoja na kukabidhiwa daftari ni kingine.

Dada wa Tabata
Mi nina ya upande wa pili. Dada yangu alikaa miaka bila mtoto, akapelekwa kwa "nabii", akaambiwa mama mkwe ndo amemfunga na atoe sadaka ya kujikomboa. Akauza cherehani. Mtoto hakupatikana, na mama mkwe akasusiwa mpaka alipougua, mama wa watu aliyempokea vizuri toka siku ya harusi!! Inaniuma mpaka leo. Kuhusu uponyaji sikatai, pale pale nilimuona jirani akipona nikamshukuru Mungu. Ila unabii unaovunja ukoo halafu unaishia kwenye lipa namba, mimi hapo nasimama.

Mzee wa Sinza
Wanangu, mimi kwetu Bukoba. Uamsho ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenda Uganda wakaitwa Balokole, yaani waliookoka, ukafika na kwetu Buhaya, wazee wetu waliukuta. Alama yake ilikuwa kutubu waziwazi na kurudisha cha mtu, bibi yangu alisimulia watu wakirudisha mpaka majembe. Na hata wale walikuwa na makosa, wengine walijiona wao ndo waliookoka peke yao wakawadharau wachungaji. Kwahiyo usidhani moto ukiwa wa Mungu basi kila anayeuota yuko sawa. Na hapa hapa Dar miaka ya 1970 alikuwepo Edmund John, mdogo wake Askofu Mkuu John Sepeku, mlei wa Anglikana, akiombea wagonjwa na wenye pepo mpaka alipofariki 1975. Uponyaji haujaanza na hawa wa mabango.

Mkarismatiki wa Ubungo
Sisi Wakatoliki tuna karismatiki, vikundi vya maombi vya karama za Roho, na tunanena kwa lugha vizuri tu. Kinachotulinda ni kwamba anayetoa ujumbe anakubali kupimwa, paroko na viongozi wanausikia kwanza, mara nyingine unawekwa pembeni na mhusika hanuni. 1 Wathesalonike 5:19-21 inashika pande zote, msimzimishe Roho, halafu jaribuni mambo yote. Wengi tunachukua nusu moja. Mtumishi ukimuuliza swali akakutishia laana, ondoka hata kama wanaoanguka ni wengi.

Mleta mada
Mbarikiwe sana, Mzee shikamoo. Dada wa Tabata pole, yule mama mkwe mlipatana naye? Na mdau wa Mbagala, hayo maombi bado yapo?

Dada wa Tabata
Tulienda kumuomba msamaha hospitali, dada akakaa naye kitandani mpaka akaruhusiwa. Sasa hivi mama mkwe anaishi kwa dada.

Mdau wa Mbagala
Yapo, Jumatano saa kumi na moja jioni. Shuka Rangi Tatu nipigie, nakufuata.